Waranti ya miaka 10 haimaanishi fundi atarudi bure
Mwenye ghala la dagaa Kibirizi, Kigoma, akisikia "epoksi, waranti miaka 10", hudhani rangi hiyo ngumu ya sakafu ikibanduka atapakiwa upya bure. Sivyo. Mara nyingi waranti hiyo ni ya mtengenezaji na inahusu kasoro za rangi yenyewe: unapewa madebe mapya, ufundi unalipa mwenyewe. Nyufa, zege lisilosuguliwa vizuri na unyevu unaopanda kutoka chini kwa kawaida havimo. Na ukiwa kando ya ziwa, unyevu huo ndio wa kuogopa kuliko toroli za mizigo. Zege jipya lipe siku 28, kisha bandika kipande cha nailoni kwa selotepu pande zote, kikae saa 16 au zaidi. Ukikuta matone, usipake. Piga picha za jaribio hilo na uzitunze. Siku ya kudai utaulizwa.