Thondaman hakupigania Eelam: dhana potofu kuhusu kiongozi wa wachuma chai wa Sri Lanka

Nikifundisha historia ya vyama vya wafanyakazi vya Asia Kusini, siwezi kulitaja jina la Savumiamoorthy Thondaman bila mtu kudakia: "Si ndiye yule wa Tamil Tigers?" Hapana, siye: Tigers walikuwa waasi waliopigania Eelam, nchi huru ya Watamil ndani ya Sri Lanka. Na kinachoniudhi ni kwamba swali lenyewe linafuta maisha ya watu wengi.

Dhana: Mtamil ni Mtamil, na wote walitaka nchi yao.

Ukweli: Watamil wa Jaffna na pwani ya mashariki wako kisiwani tangu zama za falme. Wa Thondaman ni wengine. Waingereza waliwaleta kutoka kusini mwa India katika karne ya 19 kulima kahawa, kisha chai, kwenye milima ya kati. Shika ramani: Eelam iliyodaiwa ilikuwa kaskazini na mashariki. Nuwara Eliya iko milimani, kwenye mashamba ya chai, imezungukwa na vijiji vya Wasinhala, kabila kubwa la nchi. Mchuma chai angepata nini katika nchi hiyo?

Dai lake lilikuwa uraia. Mwaka 1947 Thondaman aliingia Bungeni kwa kura za wafanyakazi wa mashamba. Mwaka uliofuata nchi ikapata uhuru, na Bunge hilo hilo likapitisha sheria ya uraia iliyotaka ushahidi kwamba hata baba wa mwombaji alizaliwa Ceylon, kama Sri Lanka ilivyoitwa wakati huo. Kibarua wa shambani angeitoa wapi hati ya baba yake? Mamia ya maelfu wakabaki bila uraia, na mwaka 1949 wakapoteza kura. Chama cha Watamil cha Ponnambalam kilikuwa tayari kimejiunga na serikali. Ndipo Chelvanayakam, mwenzake chamani, akajitenga naye. Umoja wa Watamil uko wapi hapo?

Ni kweli, mwaka 1972 Thondaman aliungana na viongozi wa kaskazini. Lakini azimio lao la Vaddukoddai la 1976 lilipodai nchi huru, chama chake, Ceylon Workers' Congress, hakikuwafuata. Anayesoma historia hii na aanze na sheria za uraia. Vita vya Tigers avisome baadaye.

Dhana: Alikuwa mchuma chai aliyepanda ngazi.

Ukweli: Baba yake alitoka India, akawa nyapara, kisha akanunua shamba la Wavendon, Ramboda. Thondaman aliongoza wafanyakazi huku mwenyewe akiwa na shamba.

Dhana: Alipokubali uwaziri mwaka 1978 aliwasaliti wafanyakazi.

Ukweli: Kumlaumu kwamba familia nyingi ziliendelea kubanana katika nyumba za safu za enzi za ukoloni ni haki. Usaliti ni neno jingine. Kwa miaka mingi watu wake walikuwa na mgomo bila kura, na mgomo ulisikika kwa sababu chai isipochumwa kwa wakati hukomaa na kuharibika, nayo ndiyo iliyoingizia nchi fedha za kigeni. Ndani ya Baraza la Mawaziri alikuwa na silaha zote mbili.

Dhana: Mkataba wa 1964 kati ya mawaziri wakuu Sirimavo Bandaranaike wa Ceylon na Shastri wa India ulimaliza tatizo.

Ukweli: Uliwagawa watu hawa wasio na uraia kwa hesabu, 525,000 India na 300,000 Ceylon, na wengine 150,000 wakaachwa wasubiri. Thondaman aliupinga, kwa sababu wenyewe hawakuulizwa. Sheria ya 1988 ilipunguza idadi ya wasio na uraia, na waliosalia walipewa haki hiyo kwa sheria ya 2003, miaka minne baada ya yeye kufariki.