Kabla hujampa mtoto penseli

Kila muhula ukianza naletewa watoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, miaka 4 hivi, na mzazi amekuja na daftari: "Daktari, huyu hataki kuandika, tisha asema yuko nyuma." Nikilifungua naona kurasa nzima za a a a za kufuatisha vidoti, na mtoto amekandamiza penseli mpaka karatasi imetoboka. Mimi ni okupesheno therapisti hapa Mombasa, yaani nasaidia watu wamudu shughuli zao za kila siku kama kuvaa, kula na kuandika, na kabla ya kumuandikisha chochote namwangalia anavyokaa, anavyopanda kiti, anavyofungua vifungo vya shati lake.

Manake kuandika hakuanzii kwenye vidole. Kunaanzia tumboni na mgongoni, asoweza kukaa wima atailalia meza, kisha linakuja bega, bega likiwa legelege mkono wote unahangaika, vidole ndo vya mwisho. Halafu kuna mifupa. Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8 na mtoto anazaliwa yote bado ni gegedu, laini kama ile ya sikioni, inageuka mfupa mmoja mmoja polepole, wa mwisho huanza kwenye miaka 9 mpaka 12 hivi. Sasa mkono wa miaka 3 unaupa penseli nyembamba na kuudai ukae ndani ya mstari, huko ni kuuonea.

Hata maumbo yana foleni yake. Wengi hunakili duara wakiwa na miaka 3, msalaba kwenye 4, mraba baadaye kidogo, na mistari ya mshazari ni karibu na 5. Kwa hivyo ambaye mshazari bado, ukimlazimisha k na x utamliza bure.

Na sisi watu wa pwani wala hatuhitaji vitu vya kununua. Siku ya chapati mpe donge lake akande na asukume. Mwache amenye njugu, akamue ndimu, aanike soksi zake kwa vibanio, kile kibanio kinafanyisha kazi kidole gumba na cha shahada, vilevile vitakavyobana penseli. Kama nyanyake anatunga asumini, mtoto wa miaka 5 mkalishe naye na sindano butu: ua ukilibana sana linapondeka, ukiliregeza linaanguka, yaani vidole vinajifunza kupima nguvu, na huku mkono mmoja umeshikilia uzi mwengine unatunga, na kuandika ndo hivyo hivyo, mmoja unashikilia karatasi mwengine unaandika. Mkienda ufuoni Pirates wikendi wacheze kutembea kama kaa mchangani, mabega yatapata kazi kuliko homuwaki yoyote.

Akitaka kuchora, mpe chaki achore ukutani uani, kimo cha macho yake, kifundo kinajikunja kwa nyuma chenyewe jinsi kinavyotakiwa. Krayoni zivunje ziwe vipande vifupi, kama urefu wa kidole gumba chake au hata chini ya hapo, kitu kifupi hakishikiki kwa ngumi hata akitaka, itabidi atumie ncha za vidole. Kumfinyafinya vidole ati "shika hivi" mimi sipendi kabisa, unamfanya achukie.

Na tafadhalini, anayetumia kushoto muacheni. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu zetu na mfundisheni, lakini kuandika ni mambo ya ubongo, na mkono anaoupendelea hutulia kati ya miaka 4 na 6. Karatasi yake ielekezeni upande wa juu uinamie kulia, atayaona anayoyaandika.

Akipita miaka 5 na bado anashika kwa ngumi, au anachoka baada ya mstari mmoja, au vifungo na kijiko pia vinamshinda, hapo msingoje afike gredi ya kwanza. Hospitali kubwa za serikali zina idara ya okupesheno therapi, ulizieni hapo mapokezi mtaelekezwa.