Faili la moduli ni nini, na linahamishwaje kutoka Tcl kwenda Lua

Taasisi ya Afya Ifakara ina tawi Bagamoyo, na mji huo ni mmojawapo wa maeneo ambako chanjo ya malaria ya R21 ilifanyiwa majaribio. Kijana wa huko anayetaka kuchambua vinasaba vya vimelea, laptopu yake itaelemewa mapema. Itambidi aingie kwa intaneti kwenye seva kubwa inayotumiwa na watu wengi, na amri ya mwanzo kabisa atakayofundishwa itafanana na hii: module load samtools/1.19. Samtools ni jina la programu, na 1.19 ni toleo lake. Nyuma ya amri hiyo kuna faili fupi la maandishi, nalo ndilo faili la moduli.

Seva ya pamoja huweka matoleo mengi ya programu moja. Huyu anataka toleo jipya, mwenzake yuko katikati ya utafiti alioanza na la zamani na hathubutu kulibadilisha. Kila toleo lina folda yake. Kinachoamua lipi liitike ni vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani ambazo programu huzisoma, hasa PATH, yaani orodha ya folda ambazo kompyuta huzipekua kwa zamu ikitajiwa jina la programu. Faili la moduli hueleza folda ipi itangulizwe na kigeu kipi kipewe thamani gani.

Mfumo huu ulielezwa na John Furlani mwaka 1991, na mafaili yake yakaja kuandikwa kwa Tcl, lugha ya kuandikia programu. Baadaye Robert McLay wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, akatengeneza Lmod, mfumo mwingine wa moduli unaotumia Lua, lugha nyingine ya programu iliyozaliwa Rio de Janeiro mwaka 1993. Kwa Tcl faili huwa hivi:

#%Module
prepend-path PATH /opt/samtools/1.19/bin
setenv SAMTOOLS_DIR /opt/samtools/1.19

Na kwa Lua:

prepend_path("PATH", "/opt/samtools/1.19/bin")
setenv("SAMTOOLS_DIR", "/opt/samtools/1.19")

Mstari wa #%Module umeondoka kwa sababu Lmod hulitambua faili la Lua kwa kiishio chake, .lua. Kwa mafaili mepesi namna hii huna hata haja ya kuhangaika, maana Lmod husoma na ya Tcl pia.

Ugumu uko kwingine, na naomba msomaji atulie hapa. Faili hilohilo moja hutumika kupakia moduli na kuiondoa. Hakuna maelekezo ya pili ya kuondoa: ukiandika module unload, mfumo hulisoma faili upya na kupindua kila agizo, folda iliyoongezwa itolewe, kigeu kilichowekwa kifutwe. Aliyezoea kuandika skripti za Bash, yaani mafaili ya amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine, huchomeka humo mstari wa kutengeneza folda au wa kumsalimu mtumiaji, kisha anashangaa salamu inarudi wakati wa kuondoa. Mistari ya aina hiyo Tcl huikinga kwa kuuliza module-info mode load, na Lua kwa mode() == "load". Anayehamisha faili kwa kubadilisha alama tu huiacha kinga hiyo njiani.

Vilevile jihadhari na njia ya folda inayotegemea kigeu cha mtumiaji, tuseme $env(KAZI), ambayo kwa Lua huwa os.getenv("KAZI"). Mtumiaji akibadilisha KAZI baada ya kupakia, hesabu ya kuondoa itatafuta folda nyingine, na ile ya kwanza itabaki ndani ya PATH.

Kwa anayetoka kwenye Bash, mfumo wa awali una amri ya sh-to-mod na Lmod una sh_to_modulefile. Zote huendesha skripti, hulinganisha mazingira ya kabla na baada, kisha huandika tofauti. Zinasaidia sana, lakini huandika thamani za siku ile na za mtu yule. Masharti yote yaliyokuwa ndani ya skripti hupotea, na ukikuta /home/asha katika faili lililotoka, wenzake Asha hawataweza kulitumia.

Kwa hiyo usilikabidhi faili kwa watu kabla ya kulijaribu. Hifadhi matokeo ya env | sort, amri inayoorodhesha vigeu vyote kwa mpangilio, pakia moduli, iondoe, hifadhi tena, halafu linganisha kwa diff, amri inayoonyesha mistari iliyotofautiana. Ukiacha vigeu vya mfumo wa moduli wenyewe, mstari wowote utakaojitokeza hapo ndio wa kuanza kuurekebisha.