Arado Ar 234: kiu ya injini ndiyo iliyoichora ndege

Chukua picha yoyote ya Arado Ar 234 iliyopigwa kutokea chini, kisha utafute mlango wa mabomu tumboni. Haupo. Hii ndiyo ndege ya kwanza ya jeti ya kudondosha mabomu kuingia vitani, na ndani yake hapakuwa na nafasi ya bomu hata moja. Wengi huieleza kwa kasi yake, kilomita 742 kwa saa katika kimo cha mita 6,000. Kasi hiyo ni kweli, ila mimi nashauri anayetaka kuielewa aanze na mafuta.

Mwishoni mwa 1940 Wizara ya Anga ya Ujerumani iliagiza ndege ya jeti ya upelelezi, si ya mabomu, yenye uwezo wa kwenda zaidi ya kilomita 2,100. Kampuni ya Arado, iliyoongozwa na Walter Blume, ilitegemea injini mbili za Jumo 004 ambazo kampuni ya Junkers ilikuwa bado inahangaika nazo. Jeti za wakati ule zilikunywa mafuta kupita kiasi, hasa zikiruka chini. Basi bodi ikafanywa nyembamba ili ipasue hewa, na karibu nafasi yote ikapewa matangi mawili, moja nyuma ya rubani na jingine nyuma ya mabawa. Yote mawili yalichukua takriban lita 3,800. Baada ya hapo magurudumu yakakosa pa kukunjiwa.

Jibu la Arado lilikuwa toroli. Ndege ilipaa juu ya toroli la magurudumu matatu, ikaliacha, kisha ikatua kwa skii za kutelezea zilizochomoza chini ya tumbo na chini ya injini. Ndege ya kwanza ya majaribio iliruka hivyo tarehe 30 Julai 1943 huko Rheine. Mwanzoni toroli liliachwa angani lishuke kwa parashuti. Parashuti hazikufunguka sawasawa na toroli likavunjika. Wakabadili utaratibu: toroli likaachiwa pale pale kwenye njia ya kurukia na kusimamishwa kwa parashuti ya breki.

Tatizo kubwa zaidi lilikuja baada ya kutua. Ndege iliyolala kwenye skii haisogei. Inakaa katikati ya uwanja hadi mafundi waje na majeki waipandishe tena kwenye toroli, huku ndege za adui zikizunguka juu. Rubani Erich Sommer alipopeleka mojawapo ya ndege hizi Juvincourt, Ufaransa, mwishoni mwa Julai 1944, ilibidi asubiri karibu wiki nzima, kwa sababu toroli na roketi za kusaidia kupaa zilikuwa njiani kwa treni. Tarehe 2 Agosti aliruka juu ya fukwe za Normandy akapiga picha, na hiyo ikawa safari ya kwanza ya kivita ya upelelezi kwa ndege ya jeti. Hakuna aliyeweza kumfikia.

Toleo la B, lililoruka kwa mara ya kwanza Machi 1944, lilipanuliwa kidogo katikati ya bodi, likapata magurudumu halisi ya kukunjwa. Mabomu yalibaki nje: kwa kawaida bomu la kilo 500 chini ya kila injini, au la kilo 1,000 chini ya tumbo. Uzito wa juu kabisa wa mabomu ulikuwa kilo 1,500, na kila bomu lililoning'inia nje liliila ile kasi iliyokuwa kinga pekee ya rubani.

Ikiwa imejaa, ndege ilikaribia tani 10, na injini zote mbili zilitoa msukumo wa takriban kilo 1,800 tu. Ndiyo maana chini ya mabawa walifunga roketi mbili za Walter, kila moja ikisukuma kilo 500 kwa sekunde 30 hivi. Zikishamaliza kazi zilidondoshwa kwa parashuti, zikaokotwa na kutumika tena.

Sasa injini yenyewe, maana hapa ndipo penye uhondo. Jumo 004, kazi ya kikosi cha Anselm Franz, ilikuwa na kompresa ya hatua nane ya kubana hewa, chemba sita za mwako na turbini ya hatua moja, yaani gurudumu la mapanga linalozungushwa na gesi ya moto. Toleo la A la injini lilitumia kwa wingi metali ambazo Ujerumani ilikuwa na uhaba nazo, kama nikeli na kobalti. Toleo la B likabana: chemba za mwako zikawa za chuma cha kawaida kilichopakwa alumini, na baadaye mapanga ya turbini yakafanywa matupu ndani ili hewa kutoka kwenye kompresa ipite humo na kuyapooza. Matokeo yake ni injini iliyodumu kati ya saa 10 na 25, kisha ikashushwa.

Mwaka 1943 mapanga ya turbini yalianza kukatika. Chemba sita ziliyapiga mapanga misukumo sita kwa kila mzunguko, na nyuma ya turbini kulikuwa na nguzo tatu zilizoongeza mtikisiko. Injini ilipokaribia mizunguko 9,000 kwa dakika, mapigo hayo yaliangukia kwenye mtetemo wa asili wa panga lenyewe, nalo likapasuka. Ili kuupata mtetemo huo, Franz alimwita mwanamuziki mwenye sikio kali aliyeyasugua mapanga kwa upinde wa fidla na kutaja sauti iliyotoka. Tiba ikawa kufupisha panga kwa milimita 1, kulichongoa zaidi kuelekea ncha na kushusha kasi ya juu hadi mizunguko 8,700.

Kuwasha nako kulitaka utulivu. Ndani ya pua ya injini kulikuwa na mota ndogo ya petroli ya mipigo miwili, iitwayo Riedel, iliyozungusha kompresa hadi mizunguko 800 hivi. Hapo petroli iliingizwa na kuwashwa, kisha mafuta ya kawaida ya jeti yakachukua nafasi, na karibu na mizunguko 2,000 mota ikazimwa. Kosa la kawaida la marubani waliotoka kwenye injini za pistoni lilikuwa kusukuma wenzo wa mafuta kwa haraka. Chini ya mizunguko 6,000 mafuta huwahi kuliko hewa, joto la turbini hupanda ghafla na mapanga huungua. Ukivuta wenzo kwa haraka ukiwa juu sana, moto unazimika, na kuuwasha tena ni mpaka ushuke kwanza. Kwa hiyo wakati wa kutua rubani hakuwa na nguvu ya ghafla ya kumwokoa, na marubani wa Washirika walijifunza kumvizia hapo hapo uwanjani.

Rubani alikuwa peke yake. Kulenga kutoka juu, aliikabidhi ndege kwa mtambo wa kujiongoza wa Patin, akasukuma usukani pembeni, akalegeza mikanda ya mabega na kuinamia kifaa cha Lotfe 7K kilichokaa katikati ya miguu yake. Alipofuata shabaha, kifaa kilisahihisha mwelekeo wa ndege na kudondosha bomu chenyewe. Hesabu nzuri, mradi hewa iwe angavu na asitokee mtu nyuma.

Shambulio la kwanza la mabomu lilifanyika tarehe 24 Desemba 1944, ndege tisa za kikosi cha mabomu cha KG 76 zikiongozwa na Diether Lukesch kuelekea Liège. Machi 1945 walitumwa tena na tena kuvunja daraja la Remagen juu ya mto Rhine. Hakuna bomu lao lililoliangusha; liliporomoka lenyewe tarehe 17 kutokana na majeraha ya awali na mzigo wa vita.

Zaidi kidogo ya ndege 200 ziliundwa, na sehemu ya injini zilitoka kwenye mahandaki ya Kohnstein karibu na Nordhausen, zikitengenezwa na watu waliolazimishwa kufanya kazi. Toleo la C, lenye injini nne za BMW 003, liliongeza msukumo na kasi, likahitaji pia mafuta zaidi. Lilipoanza kutoka kiwandani mwaka 1945, hata mafuta ya kusogezea ndege uwanjani yalikuwa yanahesabiwa, na ndege zilivutwa hadi mwanzo wa njia ya kurukia ndipo injini ziwashwe.