Kuacha kuwasha si kupona

Tyubu ya dawa ya choa, ugonjwa wa fangasi wa ngozi unaochora pete, haijafika nusu, muwasho umekwisha siku ya 3, dawa imerudishwa kabatini. Baada ya wiki 3 pete ileile imechomoza tena, pana zaidi, na mgonjwa anasema dawa haimkubali. Anayeshughulika na magonjwa ya ngozi husikia maneno haya mpaka yanamchosha, maana ndiyo yanayogeuza choa ya mwezi mmoja kuwa ya miaka.

"Haiwashi tena, basi nimepona"

Hujapona. Muwasho na wekundu ni mwili unavyopambana na fangasi. Fangasi wenyewe wamo kwenye keratini, protini ngumu ya tabaka la juu la ngozi, wanaila taratibu, kuwashe kusiwashe. Clotrimazole, krimu ya kuua fangasi, ya asilimia 1 hupakwa mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, na huendelezwa wiki 1 au 2 baada ya alama kutoweka. Anza kupaka nje ya pete, kwenye sentimita 2 za ngozi inayoonekana nzima, kisha ingia ndani. Fangasi walio hai zaidi wako ukingoni, palipoinuka na kutoa magamba; katikati wamekwishapita. Wengi hufanya kinyume: wanarundika dawa katikati na ukingo unazidi kusonga. Krimu ya kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza, kama gramu 0.5, hutosha eneo la viganja 2 vya mtu mzima. Kupaka nene ni kupoteza dawa.

Linaloudhi kuliko yote ni krimu za mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kali (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho) kama clobetasol au betamethasone ndani ya tyubu moja. Steroidi huizima kinga ya ngozi. Muwasho hukata haraka, mgonjwa anashukuru, na fangasi wanatambaa bila wa kuwazuia. Pete hupoteza umbo, ukingo unafifia, vipele vinaota kwenye vinyweleo, na ngozi ya kinena inakuwa nyembamba hadi kuacha michirizi isiyofutika. Hali hii huitwa tinea incognito, na hata daktari anaweza kuidhania ukurutu. Kwa hiyo magamba yakwanguliwe ukingoni, yalainishwe kwa potasiamu haidroksaidi na kutazamwa kwa hadubini, na yakwanguliwe kabla ya kuanza dawa ya fangasi, la sivyo kipimo kinaweza kudanganya. Steroidi ikiachwa, ngozi huwaka upya kwa muda. Wengi huirudia hapo wakidhani ndiyo iliyokuwa ikiwatibu. Usiirudie, mwone daktari.

"Ni damu chafu, lazima isafishwe"

Wazo hili lina ukoo mrefu. Tiba ya Kiyunani, iliyotoka kwa Wagiriki, ikakuzwa na matabibu wa ulimwengu wa Kiislamu na kukita mizizi India, inaueleza mwili kwa akhlati 4, yaani majimaji yake: damu, balghamu (makohozi), safura (nyongo) na sauda (nyongo nyeusi). Choa, ambayo humo huitwa quba, ilihusishwa na sauda iliyoharibika. Zama za tabibu Ibn Sina (980–1037) hapakuwa na hadubini, na hoja hiyo ilikuwa na mantiki yake. Lakini mwaka 1841 David Gruby alionyesha kuvu hasa kwenye favus, ugonjwa wa ngozi ya kichwa. Dawa ya kuharisha haifiki kwenye keratini, wala kuumikwa hakumtoi fangasi.

Dawa za kupaka za tiba hiyo ni habari nyingine. Kibiriti upele, yaani salfa, huzuia kuvu na kubandua magamba, ingawa hufanya kazi polepole kuliko clotrimazole. Siki isiyozimuliwa au kitunguu saumu kibichi, ukikifunga kwa kitambaa, huunguza ngozi na kuacha kidonda juu ya choa. Na marhamu "ya mitishamba" isiyoandikwa viambato, inayokata muwasho ndani ya siku moja, ishuku. Steroidi zimewahi kukutwa zimefichwa ndani ya dawa za namna hiyo.

"Mapunye ya mtoto yapakwe tu"

Kuvu imo ndani ya unywele na kwenye kinyweleo, krimu haifiki. Ni dawa ya kumeza, griseofulvin au terbinafine, kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha uzito wa mtoto. Griseofulvin inywewe na chakula chenye mafuta, la sivyo hufyonzwa kidogo. Kunyoa peke yake hakutibu.

"Nystatin ni ya fangasi wote"

Ni ya kandida, fangasi wa jamii ya hamira. Kwa choa haisaidii.

"Madoa meupe bado yapo, dawa imeshindwa"

Kwenye utangotango, fangasi wanaoacha madoa ya rangi kwenye ngozi, hofu imegeuka: huku mtu amepona na hajui. Rangi huchukua miezi kurudi baada ya kuvu kufa. Vuta ngozi kwa vidole 2, kwangua doa kwa ukucha. Likitoa unga laini kama pumba, fangasi bado wamo. Likibaki laini bila unga, acha dawa, ngoja rangi.