Maji ya Mbeya Hayachemki kwa Nyuzi 100

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa nafundisha fizikia kidato cha pili, shule moja ya upande wa baridi huku Mbeya, kule ambako ikifika Juni watoto huja wamevaa makoti ya kaka zao. Siku ya jaribio la kuchemsha maji niliwagawa makundi saba. Sita yakaandika nyuzi 100. Kundi la saba likaandika 94. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaweka alama ya kosa, pembeni nikaandika "someni vizuri". Binti aliyekuwa ameshika kipimajoto hakubisha. Alipokea daftari, akafuta 94 yake, akaandika 100 kama wenzake.

Yeye ndiye aliyekuwa amesoma kipimajoto. Wale wengine walisoma kitabu.

Sasa mimi ni mkufunzi wa walimu tarajali, na kisa hicho nawasimulia kila mwaka, bado kinaniuma. Nakiandika hapa kwa ajili ya walimu wa darasa la tano hadi kidato cha pili. Rika hilo lina tabia yake: mtoto ameanza kuchoka kuambiwa, anataka aone mwenyewe, ila bado anaogopa kubishana na mwalimu. Tukimfundisha kwamba jibu la kitabu linashinda jicho lake, atatuamini, na hapo tumeshampoteza.

Jambo lenyewe si gumu. Maji huchemka pale mvuke wake unapokuwa na nguvu ya kutosha kuisukuma hewa iliyo juu yake. Jiji la Mbeya liko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, na hewa ya huku inakandamiza kwa kama sehemu nne tu kati ya tano za ile ya Pwani. Mzigo ukipungua, maji hayahitaji kupata joto sana ndipo yachemke. Kwa makadirio, kila ukipanda mita 300 kiwango cha kuchemka kinashuka nyuzi 1. Ndiyo maana Mbeya ni karibu 94, Iringa mjini inakaribia 95, na juu kwenye uwanda wa Kitulo, mita 2,600 na zaidi, ni kama 91. Ukiteremka Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, unarudi kwenye 98. Mbeya na Kyela ni mkoa mmoja, safari ya siku moja kwa basi.

Kabla ya kipimajoto, anzeni na maharage, maana maji yanayochemka kwa joto dogo huchelewa kuyaivisha. Muulize mwanafunzi ambaye shangazi yake amehamia kutoka Dar es Salaam: atakwambia shangazi amelalamika kwamba maharage ya huku yanakula mkaa. Wengine darasani watasema hapana, ni maharage ya zamani, au hayakulowekwa, au mkaa ni mbichi. Waache wabishane. Hoja zote hizo ni za kweli, na kila moja inabadilisha muda wa kuiva. Ukiwauliza "tufanyeje ili tujue ni mwinuko na si uzee wa maharage?", wataanza wenyewe kupanga jaribio: gunia moja, vikombe vilevile, kulowekwa saa zilezile, sufuria mbili za aina moja. Somo la kudhibiti mambo yanayoweza kupotosha matokeo, ambalo kwenye andalio la somo hukaa kama sentensi kavu, limejileta lenyewe.

Kisha tafuta mwenzako wa kufundisha naye kwa mbali. Shule ya Mbeya na shule ya Kyela zikichemsha maji wiki moja, walimu wakatumiana matokeo kwa simu, darasa lina namba mbili zisizofanana za kueleza. Hapo swali linatoka kwa wanafunzi.

Tahadhari mbili. Kipimajoto cha zahanati hakifai kabisa. Kimetengenezwa kwa joto la mwili, kinaishia nyuzi 42, ukikitia kwenye maji ya moto kinapasuka, na cha zebaki kinamwaga sumu. Omba cha maabara kinachovuka 100, na kisiguse kitako cha sufuria. Pili, ukiwa na wanafunzi 70, jiko moja mbele, msomaji mmoja kwa zamu, wengine wakae mbali. Namba aliyoiona iandikwe ubaoni kabla mtu yeyote hajafungua kitabu.

Na mtihani? Mwalimu mmoja kijana aliniuliza hivyo kwa hasira kidogo, na alikuwa na haki. Mtihani unataka 100. Mfundishe mtoto kuandika 100 pamoja na maneno yanayoifanya iwe kweli: kwenye usawa wa bahari. Hapotezi alama, na anajua kwa nini sufuria ya nyumbani kwao inasema vingine.

Kuna jambo jingine lililomnyamazisha yule binti, na sikulijua siku ile. Alikuwa ametoka shule ya msingi akisoma sayansi kwa Kiswahili, na nyumbani kwao wanaongea Kisafwa. Alipoingia sekondari akakuta kila kitu ni Kiingereza. Ili anibishie alihitaji sentensi ambayo hakuwa nayo. Wiki chache za maandalizi ya kidato cha kwanza haziwezi kuziba pengo hilo peke yake. Ninachowashauri walimu ni hiki: kwenye kundi, wakati wa kushika vifaa, waache waongee Kiswahili, wabishane, wacheke. Kisha kundi litunge sentensi mbili za Kiingereza za kusimulia walichoona, mbili tu, na mwalimu azirekebishe ubaoni mbele ya wote. Nyuma ya daftari kila mtoto awe na orodha yake ya maneno, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia, inayokua kila wiki. Wapo wakaguzi wanaokunja uso wakisikia Kiswahili kwenye kipindi cha fizikia. Mimi namhofia zaidi mtoto aliyekaa kimya.

Kwa jiografia na hisabati, mti ulionyooka wa mita 1 unatosha. Usimike uwanjani, utumie uzi wenye jiwe kama timazi ya fundi ili usiiname, na kuanzia saa sita mchana weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Kivuli kifupi kuliko vyote kinaonesha kaskazini na kusini. Juni, kwa Mbeya, kitakuwa kama sentimita 63 kikielekea kusini. Desemba kama sentimita 26 kikielekea kaskazini. Kati ya hapo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari na katikati ya Oktoba. Februari mawingu yatakunyima. Oktoba anga huwa safi, na karibu na tarehe 16 mti wako utabaki bila kivuli.

Lakini hautakuwa bila kivuli saa sita kamili. Itakuwa kama saa sita na nusu, na darasa litadhani saa yako imeharibika. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haipiti hata Tanzania. Iko baharini huko. Mbeya iko karibu na nyuzi 33 na nusu. Dunia inazunguka nyuzi 1 kwa dakika 4, kwa hiyo jua linatufikia kama dakika 46 baadaye. Oktoba jua lenyewe linakuwa limewahi kama dakika 14, ndipo zinabaki 32. Hilo la mwisho liache kwa wale wawili watatu wasiokubali hesabu isipotoka sawa. Wengine waishie kwenye 46. Ni hesabu ileile ya longitudo na muda inayowasumbua kwenye mtihani, safari hii wakiwa wamesimama juu yake.

Walimu wa historia wa Iringa nawaonea wivu. Isimila, kama kilomita 20 kutoka mjini, inafahamika kwa zana za mawe za kale, na aliyeziona na kuziokota mwaka 1951 alikuwa mwanafunzi kutoka Afrika Kusini. Kalenga, nje kidogo ya mji, wana fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, nao wakalichukua. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi ndani ya miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, kwa mkono wa Gavana Twining, kutoka kwenye makumbusho ya Bremen. Waandikie wanafunzi tarehe hizo mbili tu na uwaache waulize: kwa nini miaka 35? Na kati ya mafuvu mengi, walijuaje kwamba ni lenyewe? Ni maswali mazuri, ila Kalenga ni mahali pa heshima kwa Wahehe; ongea na wazee kwanza, na wafundishe watoto namna ya kuuliza kabla hamjafika.

Vitabu vya kiada vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutumika mwaka 2024, unasisitiza umahiri, kwa hiyo kazi hizi zina nafasi yake. Pelekeni moja kwenye kikao cha MEWAKA, yaani mafunzo endelevu ya walimu kazini, mjaribu nyie wenyewe kwanza.

Kazi ya mwisho, ya kupima mvua, ianze Oktoba, kabla mvua hazijashika. Tafuta chupa ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, kata juu, kigeuze kile kipande kikae juu yake kama faneli. Chini tia kokoto na maji hadi chupa inapoanza kunyooka. Hapo ndipo sifuri. Bandika rula. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba, na mtoto anayejua ukubwa wa shamba la viazi la baba yake atapiga hesabu hiyo bila kusukumwa. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi, kisha imwagwe na kurudishwa kwenye sifuri. Jumamosi na Jumapili mpe kazi hiyo anayekaa jirani na shule. Akisahau, asiandike 0, maana 0 ni siku ambayo haikunyesha. Aandike "haikusomwa", na wewe usimgombeze kwa hilo.