Ukocha na mentashipu kazini: tunayoyaamini na ukweli ulivyo

Mi ni msimamizi wa mauzo. Timu yangu ina watu saba, tunasambaza sabuni na mafuta ya kula kwenye maduka ya rejareja kuanzia Temeke mpaka Mbagala, na kila bajeti ikikaribia naliona jambo lilelile: ukitaja ukocha au mentashipu kwenye kikao wenzako wanawaza hoteli, projekta, chai ya saa nne na posho. Wengine wanakwambia kabisa hayo ni mambo ya makampuni makubwa, sisi tuuze. Inaniuma, kwa sababu nimeona timu zinakufa hivihivi, watu wana akili, wana njaa ya kazi, ila hakuna hata mmoja aliyewahi kukaa nao wakiwa kazini. Ngoja niyapitie haya tunayoambizana.

"Ukocha ni semina, na sisi tulishafanya mwaka jana"

Hapana aisee. Semina unakaa, unaandika, unapiga picha na cheti, Jumatatu unarudi kufanya vilevile. Kuna utafiti mmoja natamani kila mwenye biashara huku kwetu aujue, ulifanyika Dandora, Nairobi, kwa wanawake wenye biashara ndogo ambazo bado changa, ukachapishwa 2018. Wakagawanywa makundi: wengine wakapelekwa darasa la biashara, wengine wakaunganishwa na mwanamke mwenzao wa hapohapo mtaani ambaye biashara yake imesimama miaka awe mlezi wao, yaani menta, wengine wakaachwa kama walivyo ili kuwe na cha kulinganisha. Wa darasani walijifunza na baadhi ya mambo wakaanza kuyafanya tofauti kweli, ila faida haikusogea. Waliopewa mlezi, faida yao ikapanda kwa kama asilimia 20. Na walichopewa wala hakikuwa nadharia, ni vitu kama mzigo unapatikana wapi kwa bei nafuu na muuzaji yupi wa jumla bora umhame. Yaani mambo ambayo mwalimu anayetoka mbali hawezi kuyajua hata awe na digrii ngapi, maana hayapo kwenye kitabu, yapo Dandora.

Ila huo utafiti una sehemu ya pili ambayo watu wanairuka. Kadiri wale wanawake na walezi wao walivyoacha kukutana, ile faida ya ziada nayo ikayeyuka. Mi hapo ndo nilikaa nikafikiria sana, kwa sababu kampuni nyingi zinazindua mentashipu kwa keki na hotuba halafu mwezi wa pili hakuna anayemtafuta mwenzake, na mwisho wa mwaka wanasema tulijaribu haikufanya kazi. Ilifanya kazi kwa muda uleule mlioifanya.

Na hapohapo unaona kwamba mlezi na kocha sio kitu kimoja japo tunawachanganya. Mlezi kaipita njia unayoiendea, anakupa alichokiona na namba za simu za watu wake. Kocha anaweza asikwambie chochote, anakuangalia unavyofanya, anakuuliza, kisha anakurudisha kwenye kile ulichosema mwenyewe utafanya. Timu ya mauzo inawahitaji wote, na wala sio lazima awe mtu mmoja.

"Kocha ni wa wale wanaofeli"

Hii imeharibu watu wengi. Mtu akiambiwa wiki hii msimamizi atatembea na wewe, anahesabu hilo ni onyo kabla ya barua, kwa hiyo siku hiyo anaigiza, anakupeleka kwenye maduka ya marafiki zake watupu, na wewe unarudi ofisini hujaona kitu.

Hebu mwangalie Eliud Kipchoge. Alianza na kocha Patrick Sang mwaka 2001 akiwa kijana wa miaka 16 huko Nandi, Sang mwenyewe alishachukua medali ya fedha ya Olimpiki Barcelona 1992 kwenye mbio za kuruka viunzi na maji. Mwaka 2003 Kipchoge akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000. Sasa wengi wetu hapo tungesema nimeshamaliza, kocha asante. Yeye akabaki na kocha yuleyule, akashinda marathoni ya Olimpiki Rio 2016, akavunja rekodi ya dunia Berlin 2018, akakimbia umbali wa marathoni Vienna kwa saa 1:59:40 mwaka 2019, na muda wote huo bado anapewa programu ya mazoezi na anaifuata. Hakuna siku kushinda kulimfanya asimhitaji mtu wa kumtazama kutoka nje.

Na kwenye biashara hali ni hiyohiyo. Eric Schmidt alipoingia Google kuiongoza mwaka 2001 alikuwa tayari ameshaongoza kampuni nyingine kubwa, John Doerr wa kwenye bodi akamwambia anahitaji kocha, na Schmidt mwenyewe amesimulia hadharani kwamba mwanzoni hakulipenda lile wazo, akajiuliza kwani nimekosea nini. Kocha aliyeletewa ni Bill Campbell, ambaye miaka ya 70 alikuwa anafundisha timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo cha Columbia! Baadaye Schmidt akaja kusema huo ushauri wa kuwa na kocha ndio bora aliowahi kupewa. Kwa hiyo mtu wako anayeuza kuliko wote ndio wa kwanza kukaa naye. Yule wa mwisho utakaa naye pia, ila ukianza na yeye peke yake umeshawatangazia wote kwamba hii ni adhabu.

"Bosi mzuri ana majibu yote"

Hii niliiamini kwa miaka minne, na ndio nataka niikalie hapa.

Simu yangu ilikuwa haipoi. Bosi mteja anataka punguzo nimpe? Bosi gari limechelewa tufanyeje? Bosi huyu anataka mkopo wa siku kumi? Nilikuwa najibu zote, haraka, na nilijiona mchapakazi kwelikweli. Nikaugua wiki moja, malaria, simu nikazima siku mbili, na mauzo ya zile siku mbili yalisimama kabisa, sio kwa uvivu wa mtu, walikuwa wananisubiri tu. Watu wazima, wengine wana watoto wanasoma sekondari, nilikuwa nimewafundisha kusubiri.

Niliporudi nikaanza kupanda Canter pamoja nao. Siku moja niko na dada mmoja ana miezi mitatu kazini, tumeshuka Mbagala kwa Mangi mmoja, mzee wa makamo, duka limejaa hadi mlangoni. Dada anaingia na tabasamu, "Shikamoo baba, leo nimekuletea ofa, ukichukua katoni tano za mafuta tunakupunguzia," na kabla mzee hajaitikia marahaba bei imeshatajwa. Mzee akamwangalia kwa upole tu, "Njoo wiki ijayo mwanangu." Tukatoka.

Zamani ningemwambia palepale, umekosea hapa na hapa, bei haitajwi mapema. Safari hii nikakaa kimya mpaka tumefika kwenye gari, nikamuuliza, umeona nini mle ndani? Akasema hana hela. Umejuaje? Kimya. Kimya kirefu hasa, dereva kashawasha gari, mi mwenyewe ulimi unaniwasha nijibu. Halafu akasema taratibu, "Zile chupa zetu za lita moja zina vumbi." Nikamwambia endelea. "Kwa hiyo hazitembei... nimempa ofa ya kitu ambacho hakitembei." Akanyamaza tena kidogo. "Pale kaunta kulikuwa na ndoo na kata, anauza mafuta ya kupima."

Mi ile ndoo sikuwa nimeiona. Kweli nakwambia. Ningejibu haraka kama zamani ningempa jibu bovu kuliko lile alilolipata mwenyewe. Duka lililofuata hakutaja bei, aliuliza tu, baba wateja wako wanaulizia nini siku hizi, na alitoka na oda ya madumu mawili ya lita 20, maana watu wa mtaa ule wananunua mafuta ya siku moja, ya mia tano, ya elfu moja, nani atabeba chupa ya lita.

Tangu siku hiyo natumia maswali manne, sijayabuni mimi, yalienezwa na Mwingereza John Whitmore, dereva wa zamani wa mashindano ya magari aliyegeukia ukocha wa kazini: unataka nini, hali ikoje sasa hivi, una njia zipi, na utafanya nini lini. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika sana. Naliandika kwenye daftari pamoja na tarehe, na tarehe ikifika naulizia. Nisipoulizia basi yale mengine matatu yalikuwa maongezi ya kwenye gari tu.

Halafu sio kwamba ni hisia zangu. Google walikuwa na wahandisi ambao hawakuamini kama mabosi wana faida yoyote, hadi mwaka 2002 wakajaribu kuwaondoa mameneja, jaribio likafa ndani ya miezi michache. Baadaye wakachimba takwimu zao wenyewe kwenye mradi walioupa jina Oxygen, wakatafuta meneja bora ana tabia zipi, zikapatikana nane. Ya kwanza kabisa: ni kocha mzuri. Ujuzi wa kiufundi nao ulikuwemo, wa nane. Na hiyo ni kampuni ya mafundi wa kompyuta, sasa sisi wauza mafuta tunang'ang'ania kumpa usimamizi yule aliyeuza sana, bila hata kuuliza kama anaweza kumsikiliza mtu dakika tano.

"Huwezi kumfundisha mtu kitu usichokiweza"

Colm O'Connell alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kutoka Ireland, ni bruda wa Kikatoliki, mwalimu wa jiografia, riadha hakuijua. Akaanza kwa kuwatazama wanafunzi wa shule ya St Patrick's wanavyokimbia. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni David Rudisha, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1:40.91, London 2012. Hapo sina la kuongeza.

"Mkubwa ndio anamfundisha mdogo"

Kwetu hii ina mizizi, umri ni umri na shikamoo ni shikamoo, na mi sitaki tuiache. Ila heshima haizuii kujifunza. Mwaka 1999 Jack Welch, bosi wa kampuni ya Kimarekani ya General Electric, aliagiza mamia ya wakubwa wake watafute kila mmoja kijana wa kumfundisha intaneti, na yeye mwenyewe akatafuta wa kwake. Kwangu mi ni kijana wa stoo, ana miaka 22, ndiye aliyenionyesha kwamba wenye maduka wengi wanatuma oda zao usiku baada ya kufunga, kwa WhatsApp, kwa ujumbe wa sauti, na sisi tulikuwa tunazifungua saa nne asubuhi wakati mpinzani ameshapita. Alinifuata na shikamoo yake vizuri kabisa akaniambia. Shida ilikuwa kwamba alikaa nalo miezi akiogopa, kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Ukocha ni kubembelezana"

Anayesema hivi hajawahi kukaa mbele ya kocha anayemkumbusha kwa tarehe alichoahidi mwenyewe. Kufokewa ni rahisi zaidi, unainamisha kichwa dakika tatu yanaisha. Kuulizwa swali la kweli na mtu ambaye haondoki mpaka ujibu, hapo jasho linatoka. Na ndio, kuna mtu nilishawahi kumwachisha kazi baada ya miezi ya kukaa naye, ila hakuna siku aliniuliza kosa langu nini, alikuwa analijua.

"Ukimjenga mtu atakukimbia"

Atakukimbia, wengine ndio. Sidanganyi. Ile hofu naielewa, unamlea mtu mwaka mzima halafu mpinzani anamwongezea laki moja anaenda na wateja wako. Lakini asiyejengwa naye anaondoka, tofauti ni kwamba anaondoka hajaacha kitu, na kabla hajaondoka amekuuzia kidogo kila siku ya Mungu.

Yule dada wa mafuta ya kupima aliniaga mwaka juzi, amepata kazi ya usimamizi kwa wenzetu tunaoshindana nao. Siku aliyoniambia sikulala vizuri. Ila kwa miezi sita ya mwisho alikuwa anatembea na kijana mmoja mgeni, mi sikumwagiza, alimchagua mwenyewe, anampandisha Canter asubuhi na wakitoka dukani nawasikia wamesimama pale nje anamuuliza, haya, umeona nini mle ndani. Huyo kijana ndiye aliyechukua ruti ya Mbagala, na mwezi wa kwanza peke yake maduka yote 41 ya kwenye ile ruti yaliagiza.